Kijana, Ragnar Hana Shamba Kamukuywa

Ujumbe wa leo ni mrefu. Kama uko stejini unangoja abiria, soma polepole. Kama wewe ni mama na kijana wako amejifungia chumbani na simu tangu mchana, mwite msome pamoja. Na kama unataka kunijibu, soma kwanza mpaka mwisho.

Neno letu liko Warumi 12:17-21. Fungua Biblia yako usome mwenyewe. Paulo anawaambia waumini wasimlipe mtu ubaya kwa ubaya, wamwachie Mungu kazi ya kulipiza, na adui yao akiwa na njaa wampe chakula.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike.

Wiki jana usiku kijana mmoja wa kwaya yetu alibisha mlango wangu. Jina lake nimelificha, na yeye mwenyewe ameniruhusu niandike. Ni mwendesha bodaboda. Kwenye madigadi ya nyuma ya pikipiki yake ameandika RAGNAR kwa rangi nyekundu. Nimeliona jina hilo kwa miezi mingi nikidhani ni mchezaji wa mpira wa Ulaya.

Hakuja kuombewa. Alikuja kuniaga. Baba yake mdogo aling'oa miti ya mpaka usiku, akaipanda upya hatua sita ndani ya shamba la marehemu baba yake. Mama yake alipokwenda kuuliza, alisukumwa akaanguka chini. Kijana akaniambia kwa sauti tulivu kabisa, "Pasta, Jumapili sitakuwa kwenye kwaya. Nikimaliza ile kazi sitafaa kuimba."

Nikamuuliza kazi gani. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mtu akimgusa mama yako ukanyamaza, wewe si mwanamume. Uhtred naye alinyang'anywa urithi na ndugu ya baba yake. Alingoja miaka, lakini alirudi kuchukua chake."

Nikamuuliza, "Uhtred huyu ni wa wapi? Wa Misikhu?"

Alicheka, jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo mpaka leo. Akaniambia Uhtred ni wa kwenye sinema.

Nilipofunga mlango usiku ule niliamua jambo. Nimewahi kuwasikia watumishi wakikemea vitu ambavyo hawajaviona, na vijana wanawacheka. Kwa hivyo nilimwomba mwanangu laputopu, nikatazama msimu wa kwanza wote wa The Last Kingdom, vipindi vinane. Kisha nikatazama vipindi kadhaa vya Vikings, ile yenye Ragnar. Mama mchungaji alinitazama tu hakusema kitu.

Niwe mkweli: zimetengenezwa vizuri. Naelewa kwa nini kijana anamaliza bando lake lote humo, au anapeleka flashi kwenye duka la muvi awekewe msimu mzima. Vikings ilianza kuonyeshwa mwaka 2013, The Last Kingdom mwaka 2015, na hadithi zote mbili zinahusu jambo moja: watu wa kaskazini, Waviking, wanaovuka bahari kwa mashua ndefu kuvamia nchi za Wakristo, wakiwemo Wasaksoni wa Uingereza. Jambo hilo lilitokea kweli. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa pale Lindisfarne, wakaua, wakapora vyombo vya ibada, wakachukua watu mateka.

Basi sisemi kwamba ni hadithi ya bure. Nasema ndani yake kuna mahubiri, na mahubiri hayo yamepata waumini hapa Kamukuywa. Nami kama mchungaji nina haki ya kuyajibu.

MAHUBIRI YA KWANZA: YOTE YAMEANDIKWA.

Uhtred kila mara anarudia kwamba majaliwa ndiyo yanayotawala. Watu wale waliamini kwamba kuna wanawake wanaosokota nyuzi za maisha ya kila mtu chini ya mti mkubwa, na uzi wako ukishakatika basi. Kijana wetu naye alinena hivyo hivyo kizingitini kwangu: "Pasta, hii ilikuwa itokee tu."

Mpendwa, angalia hatari yake. Mtu anayeamini kwamba yote yameandikwa hana haja ya kutubu. Akiua, yameandikwa. Akifungwa gereza la Bungoma, yameandikwa. Mama akibaki peke yake na wadogo wanne, yameandikwa. Lakini Mungu wetu alituma Yona atangaze siku arobaini Ninawi iangamie, na Ninawi ikatubu, na siku arobaini zikapita mji ukiwa umesimama. Kama hukumu iliyotangazwa na nabii inaweza kugeuka, nani amekwambia Jumamosi yako haiwezi kugeuka?

MAHUBIRI YA PILI: MWANAMUME NI YULE ANAYELIPIZA.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Sinema ina muziki. Shoka likipanda, ngoma inapanda nalo, na mwili unasisimka. Lakini wewe unaishi chini ya Mlima Elgon. Wewe una ushahidi ambao mtengenezaji wa sinema hana. Waulize wakubwa wako kilichotokea mlimani kati ya mwaka 2006 na 2008. Kilianza na nini? Kilianza na mashamba, nani apewe na nani aondolewe pale Chepyuk. Vijana wakaingia msituni wakajiita jeshi la kutetea ardhi. Hawakuanza wakisema wao ni waovu. Walisema wanarudisha chao, kama Uhtred. Mwisho wake watu walikatwa masikio, mamia wakauawa, maelfu kwa maelfu wakashuka huku chini na watoto mgongoni na sufuria kichwani. Na jeshi la serikali lilipoingia Machi 2008, nalo likalaumiwa kwa mateso, na mama yule yule akalia mara ya pili.

Hakukuwa na muziki, wapendwa. Waliokuwepo watakwambia usiku ulikuwa na mbwa wanaobweka, kisha mbwa wananyamaza.

Na kama unapenda historia ya vita, kwa nini unaijua Lindisfarne na huijui Chetambe? Kilima kile kiko hapo juu ya Webuye, unakiona ukiwa kwenye matatu. Mwaka 1895 babu zetu Wababukusu walipigana na msafara wa Waingereza, kwanza Lumboka, kisha Chetambe, mikuki na ngao mbele ya bunduki ya Maxim. Walikuwa mashujaa kuliko Ragnar, kwa maana wao walikuwa nyumbani kwao. Panda pale siku moja utulie. Utasikia upepo tu. Vita vya kweli vikiisha, kinachobaki ni upepo na wajane.

Najua mtu ameshaanza kuandika: "Pasta, hata Wakristo walichinja watu." Ni kweli. Sitakuficha. Tena nitakupa mfano mbaya kuliko ulioufikiria.

Tarehe 13 Novemba 1002, mfalme Mkristo wa Uingereza, Æthelred, aliamuru Wadenmark waliokuwa wakiishi katika nchi yake wauawe. Mfululizo wa Vikings: Valhalla unaanzia hapo hapo. Mjini Oxford, Wadenmark walikimbilia ndani ya kanisa la Mtakatifu Frideswide wakijifungia humo. Wenyeji wa mji walishindwa kuwatoa. Wakalichoma kanisa.

Soma tena sentensi hiyo. Kisha kumbuka tarehe 1 Januari 2008, Kiambaa, karibu na Eldoret, safari ya saa chache tu kutoka hapa. Majirani walikimbilia kanisa la Assemblies of God wakidhani madhabahu yatawaficha. Kanisa likachomwa. Makumi ya watu walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Miaka elfu moja na mitano imepita kati ya moto ule na huu, na shetani hajabadilisha hata kiberiti.

Je, Æthelred alipata nini kwa kisasi chake? Wadenmark walirudi kwa hasira zaidi. Mwaka 1013 mfalme wao Svein alimfukuza akatwaa nchi, na mwaka 1016 Cnut mwana wa Svein akawa mfalme wa Uingereza yote. Mtu aliyetaka kuwamaliza Wadenmark aliwaachia kiti. Hiyo ndiyo hesabu ya kisasi: unalipa mara mbili, na shamba linachukuliwa na mwingine.

Kwa hivyo sikatai kwamba Wakristo walifanya hivyo. Nasema walipofanya hivyo waliacha Injili wakaifuata dini ya Lameki. Unamjua Lameki? Mwanzo 4:23-24. Yeye ndiye wa kwanza katika Biblia kutunga wimbo wa kujisifu kwa kuua. Aliwaita wake zake wawili wamsikilize, akajigamba kwamba amemuua mtu kwa kumjeruhi tu, na kwamba kama kisasi cha Kaini ni mara saba, chake ni mara sabini na saba. Hiyo ilikuwa sinema ya kwanza duniani, na Ragnar na Uhtred ni misimu tu iliyofuata.

Sasa nenda Mathayo 18:21-22. Petro anamuuliza Yesu asamehe mara ngapi, mara saba? Yesu anaichukua ile hesabu ya Lameki anaigeuza kichwa chini. Pale Lameki alipozidisha kisasi, Bwana anazidisha msamaha. Yesu aliujua wimbo wa Lameki. Akaujibu.

MAHUBIRI YA TATU: ANAYESAMEHE NI MNYONGE.

Katika sinema, mtu wa kanisa mara nyingi ni mwoga, mnafiki au mgonjwa. Nakiri yupo padre Beocca mwenye moyo safi. Lakini vijana wanampenda Uhtred, na mfalme Alfred wanamcheka kwa sababu anakohoa na anaomba. Basi niwaambie huyo Alfred mgonjwa alifanya nini.

Miaka michache kabla, kiongozi wa Waviking aitwaye Guthrum aliapa kwa Alfred juu ya pete takatifu ya miungu yake kwamba ataondoka. Akavunja kiapo. Kisha Januari 878, sikukuu za Krismasi zikiwa ndiyo kwanza zimeisha, akashambulia Chippenham kwa ghafla. Alfred alikimbilia kwenye vinamasi vya Athelney na watu wachache. Mfalme, mbuni! Amenyang'anywa zaidi ya hatua sita.

Mwaka huo huo akakusanya watu wake, akamshinda Guthrum pale Edington, akamzingira siku kumi na nne mpaka njaa na baridi vikamtoa nje. Simama hapo. Adui aliyeapa akavunja kiapo yuko mbele yako, ana njaa, hana nguvu. Uhtred angefanya nini? Ragnar angefanya nini? Ungefanya nini wewe?

Alfred alimlisha. Wiki tatu baadaye Guthrum alikuja na watu wake thelathini akabatizwa, na Alfred mwenyewe akasimama kuwa baba yake wa ubatizo. Akampa jina jipya, Athelstan. Akakaa naye siku kumi na mbili akimpa heshima na zawadi. Guthrum akaenda mashariki, East Anglia, akatawala huko mpaka alipokufa mwaka 890, na sarafu alizotengeneza zina jina lile la ubatizo.

Amani ile haikuwa kamilifu, na Alfred hakuwa malaika. Alipigana, na aliendelea kujenga ngome. Lakini huo unaitwa unyonge? Kuua adui aliyeshindwa, hata mtoto wa darasa la nane anaweza. Kumketisha mezani kunahitaji mwanamume.

Na mwisho wa habari nzima ni upi? Miungu ile ya nyundo na kunguru iko wapi? Wajukuu wa wale waliochoma nyumba za watawa walijenga makanisa. Tena nikuchekeshe: ile Bluetooth unayotumia kumrushia mwenzako vipindi vya Vikings imepewa jina la mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, ambaye alichonga jiwe akajivunia kwamba ndiye aliyewafanya Wadenmark kuwa Wakristo. Unamtangaza Odin kwa jina la mtu aliyemwacha Odin!

Wala usiniambie amani ni jambo la Wazungu. Hapa kwetu, kabla hatujaona Biblia, mzee akifa na watu wakiwa na uchungu na kushukiana, omuswala kumuse alisimama mbele ya waombolezaji akatembea, akanena maneno ya kutuliza mioyo ili ukoo usisambaratike. Babu zetu walijua kwamba msiba bila neno la amani huzaa msiba wa pili. Na kijana akitoka kwenye tohara ya Agosti, hakuambiwa sasa wewe ni mwanamume nenda ukamuue baba yako mdogo.

Sasa niseme jambo gumu, na halihusu vijana.

Baba mdogo, nawe unasoma ukurasa huu. Kumbukumbu la Torati 27:17 inamlaani anayesogeza mpaka wa jirani yake, na watu wote wanaambiwa waitikie Amina. Hatuwezi kuwakemea vijana kwa ajili ya sinema huku wanaoiba mipaka ya wajane wanaketi viti vya mbele kanisani na kushika vipaza sauti. Uhtred hakuwaingilia vijana wetu kwa nguvu. Alikuta mlango wazi.

Na mlango huo niliuacha wazi mimi. Mama wa kijana huyu alinijia mwezi wa tatu akaniambia mambo ya mpaka. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, tuombe." Tukaomba. Lakini sikwenda shambani. Nilijua baba mdogo ni mtoaji mzuri, na mabati ya upande mmoja wa kanisa ni mkono wake. Nikaficha woga wangu ndani ya maombi. Kijana aliona kwamba kanisa halikufika, mzee wa mtaa hakufika, na aliyefika ni Uhtred, kwenye simu, saa sita usiku. Mungu anisamehe. Mama, mbele ya kanisa lote, naomba msamaha.

Kwa hivyo sikilizeni vizuri: kusamehe si kumwachia mtu shamba. Nabothi hakumpa Ahabu shamba lake, na Mungu alikuwa upande wa Nabothi. Paulo alipoonewa alikata rufaa kwa Kaisari. Kuna hati, kuna mpimaji, kuna chifu, kuna mahakama. Fuata haki mpaka mwisho, ukiwa na mikono safi. Kinachokatazwa ni wewe kuwa hakimu na mnyongaji wa ndugu yako.

Kijana aliuliza usiku ule, "Na ikichelewa, Pasta?" Nikamwambia ikichelewa tutachelewa pamoja. Alikuwa amefunga panga ndani ya gunia kwenye kiti cha pikipiki. Aliliacha nyuma ya mlango wangu. Bado liko hapo ninapoandika.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi nakwenda kwenye mpaka ule. Mzee wa mtaa amekubali kuja. Wazee wawili wa kanisa wamekubali. Baba mdogo bado hajanijibu. Baba, njoo. Hatuji kukuaibisha. Mama amesema atapika chai na mahindi, na kikombe chako kimehesabiwa.

Vijana, sinema sijawakataza. Tazameni mkitaka, lakini mtazame kama watu wenye Neno, mkiuliza kila shoka linapopanda: mtoto wa huyu aliyeanguka atalala wapi leo? Na wewe mwenye pikipiki, rangi nyekundu inafutika kwa petroli kidogo. Ragnar hana shamba Kamukuywa. Hatakuja kumlimia mama yako ukiwa gerezani.

Tuombe. Bwana Yesu, uliyewaombea waliokupigilia misumari, ondoa panga mkononi mwetu na mpaka wa uongo shambani mwetu. Utupe wazee wasioiba, vijana wasioua, na wachungaji wasiojificha. Amina.

Kama kuna mtu unayemngojea umlipe, usiandike jina lake hapa. Andika AMINA tu, kisha unitafute. Safari hii nitafika.